Mwenye kufunga mlango ana deni

Wazee wetu walituachia neno fupi: ahadi ni deni. Kila mtoto analijua. Lakini neno hilo lina ndugu yake ambaye hatujazoea kumtaja: amri nayo ni deni. Mtu akimwambia mwenzake «usitoke», kuna jambo amechukua juu ya mabega yake. Ni jambo gani? Katika kurasa hizi tunataka kuuliza ulizo hilo pasipo hasira. Tutaangalia yaliyotupata mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, na tutaangalia vilevile mila yetu ya kusaidiana inasema nini juu yake.

Tukumbushane kwanza. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020. Tarehe 18, Rais Félix Tshisekedi akatangaza kufunga masomo na ibada, na kukataza mikutano ya watu zaidi ya 20. Tarehe 24 akatangaza état d'urgence, ni kusema hali ya dharura, na Kinshasa ikatengwa na mikoa mingine. Huku kwetu Haut-Katanga, gavana alikuwa ametangulia: toka tarehe 23, kwa muda wa saa 48, kila mtu alipaswa kubaki nyumbani, juu ya wasafiri wawili waliofika Lubumbashi na ndege toka Kinshasa na kushukiwa kuwa na ugonjwa. Ile hali ya dharura iliendelea mpaka mwezi wa saba.

Kwa mtu mwenye mshahara na friji, saa 48 ni mapumziko. Kwa mama anayeuzisha bunga kwa kipimo kidogo ku soko ya Kenya ao ya Katuba, kwa kijana anayesukuma mukokoteni, kwa baba anayeuzisha makala kando ya njia, saa 48 ni siku mbili bila bukari. Hawa hawana stoki. Feza ya asubuhi njo inanunua chakula cha magharibi. Basi ulizo lilikuwa moja katika avenue zote: batatufungia mu nyumba, sawa, na bukari itatoka wapi?

Ulizo hilo halikuwa la ubishi. Lilikuwa na nguvu kuliko amri yenyewe. Kule Kinshasa, tarehe 26 mwezi wa tatu, gavana wa mji alitangaza ya kama watu wote watafungwa nyumbani kwa vipindi, kuanzia tarehe 28. Kabla ya siku ile kufika, bei ya vyakula ikapanda mbio mu masoko, watu wakaanza kuogopa fujo, na tarehe 27 gavana mwenyewe akaahirisha amri yake. Mwishowe ni komini ya Gombe peke yake iliyofungwa, toka tarehe 6 mwezi wa nne. Tusiseme watu walikataa kutii. Tuseme mapema ilionekana ya kama amri isiyo na chakula ndani yake haisimami.

Sasa tuingie ndani ya ulizo lenyewe. Kuna wanaosema: msaada wa serikali wakati wa ugonjwa ni huruma. Ukipewa, ushukuru, usipopewa, uvumilie, juu hakuna mtu anayedai zawadi. Sisi tunaona ya kama hapo kuna kosa la kufikiri, na kosa hilo linatugharimu sana.

Tuangalie namna tunavyoishi na Leta. Toka miaka ya 1960 Wakongomani tunachekeshana juu ya «artikle 15»: jitafutie mwenyewe. Ni mchezo wa maneno, lakini ndani yake kuna mapatano. Leta haitupe kazi, haitupe mshahara, nasi hatudai sana. Na kwa upande wake Leta inatuachia njia ya kutafuta. Mama anaweka meza yake kando ya barabara, mwalimu anauzisha unite za simu kisha masomo, mambo yanaenda. Mwaka wa 2020 Leta ilikataza artikle 15, na haikuandika artikle ingine pahali pake. Hapo njo tunasema deni linazaliwa. Yule asiyekupa kitu na asiyekukataza kitu, pengine hana deni kwako. Lakini yule anayekutoa jembe mukononi, hata kwa sababu njema, hawezi tena kukuambia: kula jasho lako.

Tuone tofauti vizuri. Mvua ikiharibu shamba lako, jirani akikuletea kikapu cha mihogo, ile ni huruma. Lakini mukubwa wa kijiji akikuambia usilime shamba lako mwaka huu, kusudi kijiji kizima kipone, basi kijiji kizima kinakula faida ya njaa yako. Kikapu utakacholetewa si zawadi. Ni malipo. Hata korona ilikuwa vile: mama wa soko alibaki nyumbani kusudi mgonjwa wa komini ingine asiambukizwe. Alifanya kazi kwa ajili ya wote, na kazi yake ilikuwa kukaa.

Mila yetu ilijua jambo hilo. Katika ufalme wa Waluba, watu walipeleka milambu kwa mulopwe, vyakula, chumvi na vitu vingine, na sehemu ya vitu vile ilipaswa kurudi kwa watu kupitia mikono yake. Mukubwa aliyepokea pasipo kurudisha alipoteza heshima. Hatusemi ya kama wakubwa wote wa zamani walikuwa malaika. Msiri wa Bunkeya aliuzisha pembe za tembo, na aliuzisha watu vilevile. Lakini hata pale walipoivunja, kanuni ilijulikana: mkono unaopokea ni mkono unaotoa. Ukoloni ulituzoeza mkono mwingine. Wakati wa ugonjwa wa malale, Wabelgiji waliwapima watu kwa nguvu, wakawatenga wagonjwa mu lazareti, wakakataza watu kutembea bila karatasi ya daktari. Pengine ile kazi iliokoa maisha ya wengi. Lakini iliwafundisha bankambo wetu ya kama Leta ikija juu ya ugonjwa, inakuja kukamata. Hilo somo halijafutika.

Wengine watatujibu: Kongo ni inchi maskini, mkono mtupu haulambwi. Jibu hilo lina uzito, tusilikimbie. Ni kweli, Leta haiwezi kulisha watu wote wa Lubumbashi kwa mwezi mzima. Lakini mwenye deni asiye na feza hafuti deni kwa kusema «sina». Anakuja, anakaa, anasema ana kiasi gani, anaomba siku. Kama huna cha kulisha watu kwa siku kumi, usiwafunge siku kumi. Ufunge siku mbili, ao ufunge bar na uache soko, ao utenganishe meza za soko na uweke maji ya kunawa. Kipimo cha amri kinapaswa kuwa sawa na kipimo cha mfuko. Umaskini wa Leta ni sababu ya kupunguza amri. Haukuwa sababu ya kusahau watu.

Wengine tena watasema: kwetu Afrika jamaa njo serikali yetu, ndugu watasaidiana. Ni kweli, na tunajivunia. Lakini tukumbuke amri zilikataza nini. Jamaa inasaidiana wapi? Ku kilio, ku kanisa, ku likelemba, ku mkutano wa watu wa kijiji kimoja. Amri ya tarehe 24 mwezi wa tatu ilisema maiti itoke ku morgue na kwenda moja kwa moja ku makaburi, na watu wachache tu, pasipo kilio nyumbani. Ile ilikuwa akili njema kwa upande wa ugonjwa. Lakini mjane alikosa mambo mawili kwa siku moja: watu wa kulia naye, na feza ambazo watu wale wangeleta. Leta ilifunga mlango wake na mlango wa ndugu yake pamoja. Hawezi kutumwa kwa ndugu mtu aliyekatazwa kufika kwa ndugu.

Tusiseme basi ya kama serikali haikufanya kitu. Ilitangaza miezi miwili ya maji ya Regideso na umeme wa SNEL bila kulipa. Mwezi wa nne ikaundwa Fonds National de Solidarité contre le Coronavirus. Katiba ya mwaka wa 2006 inasema katika artikle 47 ya kama kila mtu ana haki ya afya na ya chakula cha kutosha, na katika artikle 48 haki ya maji safi na umeme. Maneno ni mazuri. Lakini tuulize: umeme wa bure ulifika kwa nani? Wakati ule, katika inchi nzima, karibu mtu mmoja juu ya watano tu njo alikuwa na umeme. Anayeishi kwa mushumaa na makala hakupata kitu. Anayenunua maji kwa bidoni aliendelea kununua bidoni yake. Msaada ulifuata waya na mabomba, na waya na mabomba hazifiki kwa maskini. Hatusemi ni ubaya wa roho. Tunasema msaada unaopita njia za wenye kupata utafika kwa wenye kupata. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama anamtakia mema.

Mambo ya Ebola yalikuwa yametufundisha hilo mbele. Toka mwezi wa nane 2018 mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020, Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ilishika watu 3.470 na kuua 2.287. Dawa zililetwa, chanjo ilitolewa kwa watu zaidi ya 300.000, matunzo hayakulipwa. Vizuri sana. Lakini wakati uleule surua iliua watu zaidi ya 6.000 katika Kongo, wengi wao watoto, na magari mengi namna ile hayakuonekana juu yake. Watu wa Beni, waliokuwa wanauawa na panga usiku, waliuliza juu ya nini dunia inakimbia kwa ugonjwa huu peke yake. Mgonjwa haulizwi uji, ni kweli. Lakini akiona uji unaletwa tu siku ile mwenye kuleta anaogopa kuambukizwa, mgonjwa naye anafikiri.

Kuna mfano mwingine, huku kwetu. Kampuni kadhaa za mine, Lubumbashi na Kolwezi, ziliwabakiza wafanyakazi ndani kwa majuma mengi. Walikula, walilala, mshahara uliendelea. Je, deni lilikuwa limelipwa? Tunaona ni nusu. Mtu aliyeambiwa «ubaki hapa ao upoteze kazi» hakuulizwa. Chakula kinalipa njaa; hakilipi usiku ambao baba hakuwa na watoto wake. Hata anayelisha anapaswa kueleza, kusikiliza, na kusema siku gani mlango utafunguliwa.

Tufike basi ku jambo ambalo mila yetu inaweza kufundisha hata gavana. Ku kilio cha Lubumbashi kuna mtu anakaa kando ya meza na kaye. Kila mwenye kuleta, jina lake linaandikwa na kiasi alicholeta, hata kama ni franga kidogo. Siku ya kumaliza, kaye inasomwa mbele ya watu: tulipokea hivi, sanduku lilikula hivi, bunga ilikula hivi, mjane anabaki na hivi. Hakuna mtu anayesema kusoma kaye ni kumtukana mwenye kuishika. Ni heshima yake. Feza za korona hazikusomwa namna ile mbele ya watu waliokaa njaa kwa ajili yake. Mwaka wa 2021 Inspection Générale des Finances ilizichunguza, na mambo yakafika ku parquet. Ni vizuri uchunguzi ulifanyika. Lakini kaye isomwe ku kilio, isingojee parquet.

Na wadogo wa serikali, bourgmestre, shefu wa kartie, shefu wa avenue, wasiseme mambo haya ni ya Kinshasa. Shefu wa avenue anajua nyumba ya mama mzee anayelea wajukuu. Anajua nani ananunua bidoni na nani ana mabomba. Feza hana, lakini ana majina, na pasipo majina feza inapotea njia. Liste ikiandikwa mu avenue, ikabandikwa ku mlango wa ofisi, kila mtu aisome na kusema «huyu mumemusahau» ao «huyu amekufa zamani», msaada mdogo utafika mbali kuliko msaada mkubwa usio na majina.

Ugonjwa mwingine utakuja. Mipaka yetu, misitu yetu na safari zetu zinatuambia hivyo. Siku ile Leta itatuomba tena tukae nyumbani, na pengine itakuwa na haki ya kuomba. Sisi wenye kusoma tusingojee siku ile kusudi tuanze kulalamika. Tuanze leo kuuliza katika komini zetu: liste iko wapi, kaye iko kwa nani? Na tuzoee kusema neno la kweli: wakati mlango unafungwa kwa ajili ya wote, kinachopita chini ya mlango si sadaka.