Pointi za Mama Asiyesafiri Tena

Wapo wazazi wetu walioishi Marekani miaka mingi, wakanunua huko haki ya kukaa katika nyumba za mapumziko, haki inayohesabiwa kwa pointi kila mwaka. Sasa magoti yamekataa, mama hasafiri. Pointi zinaingia, zisipotumika muda wake huisha, na ada ya matunzo inadaiwa vilevile. Ndipo sisi watoto tunasema, "Zitapotea bure, twende sisi."

Je, kisichotumika kimekuwa chetu? Amri ya nne yatuagiza kumheshimu mzazi, ya saba yakataza wizi. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliipanua hiyo ya saba: tusaidie pia mali ya mwenzetu itunzwe. Basi kukabidhiwa neno la siri si kurithishwa. (Mwenyewe yu hai, tena anasikia!) Tumwulize angali anaelewa: tutumie sisi, tukodishe kama mkataba unaruhusu ili ada ipatikane, au tuiombe kampuni iuchukue tena mkataba wake? Pengine atajibu, "Ziacheni, huenda mwakani nikaweza." Hesabu inakataa, lakini fedha ni zake. Tulipe ada kutoka akaunti yake, tumwoneshe risiti.