Kilele na Mwenzi

Ukitoka Mbita kwa mashua ukaelekea magharibi, ukakipita kisiwa cha Rusinga, utafika Mfangano. Kilele cha kisiwa hicho ni Kwitutu, nacho kimeinuka zaidi ya mita 500 juu ya maji ya ziwa.

Tuseme wewe na wenzako watatu mmelala usiku mmoja mlimani, na alfajiri mnapanda. Kilele kimekaribia. Mara mmoja wenu anateguka mguu. Je, mtaendelea au mtarudi?

Mwepesi wa kujibu atasema, “Turudi sote.” Jawabu hilo ni jema, lakini halijapimwa. Mwingine atauliza: ni haki udhaifu wa mmoja kuwanyima watatu tunda la jasho lao? Swali hili si la kudharauliwa.

Mwaka 1943 Waitalia watatu, mateka wa vita, walitoroka kambini Nanyuki ili waupande Mlima Kenya. Vincenzo Barsotti aliugua njiani. Felice Benuzzi na Giovanni Balletto walimwacha hemani, wakapanda. Batian iliwashinda, Lenana waliifikia. Kisha walimrudia mwenzao, na wote watatu wakajirudisha kifungoni. Hatuwezi kusema kwamba walimtupa. Kumwacha mtu mahali pa kujisitiri na kumrudia ni jambo moja. Kumtupa ni jingine.

Basi kabla ya kupiga hatua, jiulize: Je, yu salama? Je, ameridhika? Hapa pana mtego. Mwenye kuumia aghalabu husema, “Nendeni tu,” kwa sababu anaona haya kuwa mzigo. Ulimi wake waruhusu, na moyo wake waogopa. Usiichukue haya yake ukaifanya ruhusa yako.

Njia iliyo bora ni mmoja abaki naye. Nani abaki? Hilo ndilo swali linalompima mtu kuliko mteremko wowote. Kama wewe ndiwe uliyekitamani kilele kuliko wote, jaribu kusema, “Nitabaki mimi.” Na ikiwa hapana hata mmoja awezaye kulitamka neno hilo, rudini wote, kwa maana hamjawa tayari kupanda.

Kwitutu itakuwapo mwakani, nawe waweza kuipanda tena. Rafiki aliyetupwa mlimani huenda ukamkuta nyumbani, lakini urafiki wake usiukute.