Simu Haipigi Hodi

Je, inafaa mzazi wa Kiislamu kusoma kwa siri ujumbe ulio kwenye simu ya mtoto wake? Sisi wanafunzi wa chuo kikuu ndio tunaoulizwa swali hili kila tunaporudi nyumbani likizo. Rumonge, Nyanza-Lac, Buyenzi, kote ni vilevile: kijana wa chuo kikuu ndiye fundi wa simu wa familia, na mara nyingi simu aliyoishika mdogo wake ni ile aliyoiacha yeye baada ya kupata nyingine. Kwa hiyo hatuwezi kusema jambo hili ni la masheikh peke yao.

Likizo iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu Rumonge alinijia baada ya Alasiri. "Mwanangu," akasema, "niwekee ile programu inayonionyesha kila anachoandikiwa binti yangu. Lakini asijue." Binti ana miaka 13. Mama yuko sokoni na mawese yake tangu asubuhi, baba yuko ziwani usiku kucha. Nia yake haikuwa mbaya hata kidogo. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa.

Aliyekulia kwetu anajua jinsi ndagala anavyovuliwa. Usiku usio na mwezi taa zinawashwa mitumbwini, ndagala wanaufuata mwanga wenyewe, na wavu unawangoja chini. Hakuna anayewafukuza. Anayemtaka mtoto kwa ubaya kupitia simu naye hamfukuzi mtoto. Huanza na sifa, kisha salio, kisha kifurushi cha intaneti, kisha "usimwambie mama", kisha ombi la picha moja tu. Akishaipata, upole unakwisha na vitisho vinaanza: leta nyingine, au hii inakwenda kwa shule nzima.

Na mtu huyo ni nani? Tulipokuwa wadogo tulitishwa kwa hadithi za Gustave, yule mamba aliyevuma kwa kula watu huko Rusizi na kwenye fukwe za kaskazini za ziwa letu. Naona wazazi wengi sasa wanamtafuta Gustave ndani ya simu: mgeni wa mbali, mkubwa, wa kutisha. Utafiti uitwao Disrupting Harm, ambao ECPAT, INTERPOL na UNICEF waliufanya katika nchi kadhaa, zikiwemo jirani zetu Kenya, Uganda na Tanzania, uliwahoji watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Ulionyesha kwamba mara nyingi anayewadhuru ni mtu wanayemjua tayari. Ulionyesha pia kwamba watoto wengi hawakumwambia mtu yeyote, na waliosema mara nyingi walimwambia rafiki, si mzazi.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikatae kuiweka ile programu.

Suratul-Hujurat, aya ya 12, inatukataza kupelelezana. Inasimuliwa pia kwamba Umar ibn al-Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, aliparamia ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akakiri kosa lake, lakini akamwambia Umar kuwa yeye ana makosa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na hakutoa salamu. Khalifa akamwacha.

Ndugu mmoja wa jumuiya yetu alinijibu kuwa aya hiyo ni ya watu wazima, na kwamba mtoto ni mchungwa, mzazi ni mchungaji atakayeulizwa kuhusu alichokichunga. Nakubaliana naye kabisa. Mzazi ana haki ya kuitazama simu ya mtoto wa miaka 13, tena ni wajibu wake. Ninachobishia ni neno moja tu katika ombi la yule mama: "asijue". Mchungaji hutembea na kundi lake mchana kweupe. Anayejificha kichakani kuliangalia kundi, sisi huwa tunamwita jina jingine.

Tusome Suratun-Nur, aya ya 58 na 59. Mtoto ambaye hajabaleghe anaamrishwa kuomba ruhusa kuingia kwa wakubwa nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri wanapovua nguo kupumzika, na baada ya Isha. Akibaleghe, anaomba ruhusa kila wakati. Angalieni hekima iliyomo: staha inafundishwa hatua kwa hatua kadiri umri unavyokwenda, na inafundishwa mlangoni, kwa vitendo. Watoto wetu wote wanajua kupiga hodi. Simu haijui. Baada ya Isha, nyumba nzima imelala, inamwingiza mtu yeyote hadi kwenye mkeka wa mtoto. Mzazi anayeingia kwa siri kupitia simu hiyohiyo anaingia kwa mlango uleule wa yule mwovu, bila hodi kama yeye. Siku mtoto atakapogundua, na atagundua, atafahamu kwamba hata wanaompenda huingia hivyo. (Mwaka 2015 mitandao ya kijamii ilipofungwa kwenye simu nchini mwetu, mnakumbuka watu walivyojifunza upesi kuzunguka.) Kisha akitishiwa kwa picha, atakwenda kwa nani? Kinachomweka wavuni ni siri, na kinachomtoa ni kusema.

Yule mama hakufurahi. Lakini tuliketi watatu, yeye, binti na mimi, tukapatana: simu inalala sebuleni baada ya Isha, mama anaijua namba ya siri, na anaweza kuiomba wakati wowote binti akiwepo. Naye mama akaahidi kwamba binti akimletea jambo la aibu, hatampiga wala kumnyang'anya simu siku hiyo. Ahadi hii ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu kuipata. Sidanganyi kwamba mpango huu hauna tundu; binti anaweza kufuta ujumbe kabla mama hajauona.

Kuna watoto wengine ambao hatuwaogopei, tunaowaogopea wenzao. Kijana wa madrasa anapiga skrinishoti ya picha ya msichana na kuipeleka kwenye kikundi cha WhatsApp, wenzake wanacheka, wanampa jina. Suratul-Hujurat hiyohiyo inakataza dhihaka, majina mabaya na kusengenya, na aya yake ya 6 inaamuru kuhakikisha habari. Lakini kijana huyu anatuona sisi wakubwa, kwenye vikundi vya familia na hata vya jumuiya, tukisambaza picha za maiti wa ajali na uvumi ambao hatujauuliza ulikotoka. Hakuna programu ya kumrekebisha huyo. Luqman alipomlea mwanawe alimwambia habari ya chembe ya hardali iliyojificha ndani ya jabali, kwamba Mwenyezi Mungu ataileta, na alimwambia ana kwa ana.

Je, hakuna wakati wa kuvunja mlango? Upo. Nyumba ikiungua hakuna anayengoja "karibu". Mtoto akiacha kula, akawa na vitu visivyojulikana vilikotoka, akashtuka kila simu inapolia, mzazi aichukue simu na kuifungua, kisha amwambie mtoto kuwa ameifungua. Asifute ujumbe, kwa sababu ni ushahidi, na Burundi ina sheria ya makosa ya mtandao tangu Machi 2022. Asimlipe anayetishia. Na kuna simu ya watoto, namba 116. Jina lake kwa Kirundi ni Yaga Ndakumve, yaani zungumza nikusikilize. Mnaporudi nyumbani likizo hii, iandikeni kwenye zile simu mnazowaachia wadogo zenu kabla hamjawapa.