Msiyakimbie Mashina Kumi na Mawili

Ndugu zangu mnaojifunza Kihispania, maneno haya nayaandika kwa ajili ya wale waliokwama. Kusalimia mnajua, kuhesabu mnajua, wakati uliopo mnaumudu na uliopita mmeanza kuuzoea. Mkaingia wakati ujao, mkauona mwepesi, mpaka lilipotokea neno tendré, lisilofanana na tener mliyoikariri. Likafuata saldré, likafuata querré, likafuata haré, na daftari likafungwa. Tangu siku hiyo kila jambo la kesho mnalisema kwa voy a. Nawasihi, lifungueni daftari hilo leo.

Tazameni kwanza jinsi wakati huu ulivyo na huruma kwa mwanafunzi. Mnachukua kitenzi kizima bila kukikata, hablar, comer, vivir, mnakipa kiishio: -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án. Hablaré, comerás, vivirán. Makundi matatu ya vitenzi, ambayo kwingine yanawasumbua kwa viishio tofauti, hapa yana viishio vilevile. Hata ser na ir, ambavyo katika wakati uliopita vimeshika umbo moja la fui hadi mtu hajui kipi ni kipi, hapa vimetulia kabisa: seré, iré. Vitenzi vinavyokataa utaratibu huu ni kumi na viwili, pamoja na vile vilivyozaliwa navyo. Navyo havikatai viishio. Viishio havibadiliki kamwe! Kinachobadilika ni shina peke yake.

Basi yashikeni mashina. Haber, poder, querer, saber na caber vimedondosha irabu ya mwisho: habr-, podr-, querr-, sabr-, cabr-. Poner, salir, tener, valer na venir vimeidondosha irabu na kukaribisha d mahali pake: pondr-, saldr-, tendr-, valdr-, vendr-. Decir na hacer vimefupishwa zaidi: dir- na har-. Yamekwisha. Ukurasa mmoja unayatosha yote na nafasi inabaki.

Wala msikubali kuambiwa kwamba maneno haya yameharibika ovyo. Kilatini kilikuwa na wakati ujao wake, cantabo, lakini wasemaji wakauacha polepole wakasema cantare habeo, kana kwamba mtu anasema ninalo la kuimba. Habeo ikachakaa kwa kutumiwa, ikabaki -é. Kihispania cha kale kiliweza bado kuyatenganisha maneno hayo mawili na kuweka kiwakilishi katikati, decir te he, na Wareno wangali wanaandika dir-te-ei. Antonio de Nebrija, aliyeichapisha sarufi yake ya Kikastilia huko Salamanca mwaka 1492, alikwisha kuutambua muungano huo wa kitenzi-jina na haber. Nasi tusishangae, kwa kuwa -ta- yetu nayo ilitoka katika -taka, na mzizi huo ungali mzima tunaposema atakayekuja.

Basi kitenzi na haber vilipoungana, irabu iliyokosa mkazo katikati ya neno ikamezwa, hasa katika vitenzi vinavyosemwa kutwa kucha. Poneré ikawa ponré. Itamkeni ponré, kwa sauti, haraka, tena na tena. Ulimi uko kwenye n, unakimbilia r, na katikati ya safari hiyo d inachomoka yenyewe. Hakuna mwanasarufi aliyeketi akaiweka. Vinywa vya watu waliokuwa na haraka ya kuahidiana, kuagana na kuitana ndivyo vilivyoiweka, na vinywa vyenu vitaiweka vilevile mkivipa nafasi ya kusema badala ya kuyaachia macho kazi yote.

Hapa nataka mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wanafunzi wengine. Kinywa chetu hupenda irabu baada ya konsonanti. Tukikutana na ndr tunataka kuipasua, na katika wakati huu kuipasua ni hatari. Vendré ni nitakuja. Mtu akiitia irabu moja tu amesema venderé, nitauza. Mwenyeji anauliza kama utafika kesho, nawe unamjibu kwamba kesho utauza! Tendré ni nitakuwa na. Tenderé ni nitaanika, kama nguo kwenye kamba. Si makosa yanayosikika kama makosa, kwa maana maneno yote mawili ni Kihispania safi, na msikilizaji ataamini kile alichosikia. Iwekeni ndr kwenye ulimi kama kitu kimoja, msiigawe. Na querr- iheshimuni: queremos ni tunataka, querremos ni tutataka, na tofauti yote imo katika kutetemesha r.

Kisha mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini wakati ujao wa Kihispania unaudai kwenye silabi ya mwisho: tendré, tendrás, tendrá, tendréis, tendrán, na ndiyo sababu alama inaandikwa juu. Nafsi moja tu inafuata desturi yetu, tendremos, nayo haina alama. Anzeni na hiyo! Saldremos, podremos, haremos, vendremos. Mkazo mnaupata bure, na ulimi ukishazoea shina, nafsi nyingine zitafuata kwa taabu ndogo.

Najua mtakalonijibu. Mtasema watu wenyewe, hasa Amerika ya Kusini, katika mazungumzo hutumia voy a zaidi. Ni kweli, na siwakatazi. Lakini kuna maneno ambayo voy a haiwezi kuyabeba. Mtoto analia, nanyi mnasema tendrá hambre, atakuwa ana njaa, mnakisia hali yake ya sasa hivi. Mkisema va a tener hambre mmesema jambo jingine, kwamba njaa itamshika baadaye. Saa imepotea mnauliza ¿qué hora será? Rafiki amechelewa mnajiuliza ¿dónde estará? Kiswahili kinajua siri hiyo ya kukisia kwa wakati ujao. Mnaibeba tayari kutoka nyumbani. Fungueni mkataba wa nyumba, sheria, tangazo la hali ya hewa: wakati ujao umesimama pale wazi, na asiyeyajua mashina atausoma bila kuelewa. Wasomaji wa Biblia ya Kihispania wanajua kwamba nyingi katika zile Amri Kumi zimewekwa katika wakati huu, na ile ya kutokuwa na miungu mingine inabebwa na tener, kwa shina lake la tendr-.

Mtazameni mwongoza watalii pale Karatu, jioni, wageni wake kutoka Madrid wamemaliza kula. Anawapa ratiba ya Ngorongoro. Mañana saldremos a las seis. Podrán desayunar antes. Habrá agua en el coche. Hará frío en el cráter. Tendremos que volver antes de la noche. Sentensi tano za kawaida kabisa, za mtu aliye kazini, na zote tano zimesimama juu ya mashina yale mnayoyakwepa. Akisema saliremos, wageni wataelewa, ndiyo. Lakini huyu ndiye anayewaambia waamke alfajiri na wamfuate shimoni penye nyati na simba. Lugha yake iliyonyooka inawatuliza kabla hajaanza kuwatuliza.

Hesabuni wenyewe ni vitenzi gani hivi: kuwa na, kuweza, kutaka, kujua, kusema, kufanya, kuja, kutoka, kuweka. Ndivyo tunavyovitumia tunapompa mtu neno letu. Lo haré. Te lo diré. Vendré. Anayeahidi kwa kubabaika anawatia wenzake shaka, hata kama moyo wake ni mweupe, nami naumia kuona watu wema wakionekana wasioaminika kwa sababu ya silabi moja.

Kwa hiyo jedwali liangalieni mlijue, kisha liacheni. Chukueni kesho yenu halisi. Kodi inadaiwa: mañana tendré que pagar el alquiler. Dada anakuja Jumapili: el domingo vendrá mi hermana. Watu ni wengi na gari ni dogo: no cabremos todos en el coche. Mnapanga meza: pondré los vasos aquí. Mnasimama sokoni mbele ya kitu msichojua bei yake: ¿cuánto valdrá? Semeni kwa sauti inayosikika, mbele ya mtu kama yupo, asubuhi kabla ya kutoka na usiku mkijiandaa kwa siku inayofuata. Shina moja likikataa, msiliruke kwenda kwenye rahisi. Kaeni nalo siku nzima mpaka litoke bila kufikiriwa.

Mkiyashika mtapewa mengi kwa pamoja. Tener inakuja na mantener, obtener, contener, detener. Poner inakuja na proponer na suponer. Venir na convenir na intervenir. Hacer na deshacer, na hata satisfacer inafuata, satisfaré. Bendecir na maldecir vimemwacha mzazi wao decir na kurudi kwenye kanuni, bendeciré, maldeciré, kwa hiyo katika kubariki hamna la kuhofia. Na mashina hayohayo ndiyo yanayobeba hali ya masharti, mkibadilisha kiishio tu: tendría, ningekuwa na, haría, ningefanya, na ¿podría ayudarme?, ambayo ndiyo adabu ya kumwomba msaada mtu msiyemjua. Orodha ni ileile, haina shina la kumi na tatu.