Mvua Tuliyoilaani

Kila Novemba, mawingu yakipita juu ya uwanja wa ndege wa Ibadakuli bila kudondosha kitu, kigango chetu huanza sala ya mvua. Katekista huomba mvua ya kiasi: isichelewe, isizidi, isibomoe nyumba za watu. Tunaitikia. Nami naitikia, ila nimefanya kazi ya kupima maji miaka mingi mno, siwezi kuitikia bila swali. Tunapoomba mvua, tunamwombea nani?

Kiangazi, Mto Mhumbu ukibaki mchanga mtupu, watu huchimba katikati ya mto na maji hupatikana. Ukiuliza yametoka wapi, utaambiwa ni mabaki ya masika. Huenda. Lakini maji hubeba alama za yalikopita, na alama hizo hupimika. Maji ya mvua karibu hayana chumvi, kwa hiyo hayapitishi umeme vizuri. Yaliyokaa ndani ya itale, ule mwamba wa majabali yetu, huwa yameyeyusha chumvi na floraidi njiani. Tuseme kipimo cha umeme kwa mvua kinasoma 20, kwa kisima kirefu 900, na kwa dimbwi la mtoni 680. Hapo robo tatu ya dimbwi ni maji ya ardhini. Hesabu ya darasa la saba.

Ipo pia radoni, gesi inayozaliwa ndani ya itale. Nusu yake huisha kwa muda usiofika siku nne, na ikikutana na hewa hutoroka. Ukiikuta mtoni kwa wingi, jua kwamba maji yameingia kutoka ardhini karibu na hapo uliposimama, na si zamani. Kwa umri mkubwa zaidi tunatumia tritiamu, ambayo majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliijaza angani hadi ikafika kilele mwaka 1963. Maji yasiyo nayo kabisa yalinyesha kabla ya mabomu hayo. Anayeyanywa leo ananywa mvua ambayo huenda iliombwa na watu waliokwisha kuzikwa.

Asiye na maabara ana meno. Wengi wa rika langu tuliokulia maji ya visima tuna meno ya kahawia, kwa sababu floraidi huliharibu jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na mkoani Shinyanga vipo visima vinavyopita hapo. Wajukuu zangu wamezaliwa baada ya bomba la Ziwa Viktoria kutufikia kutoka Ihelele mwaka 2009, na meno yao ni meupe. Tukicheka pamoja mezani, mgeni anaweza kujua nani alikunywa nini.

Sasa nirudi kwenye sala. Makutapora, visima vinavyonywesha Dodoma, vimepimwa kina cha maji tangu miaka ya 1950. Watafiti walipochapisha rekodi ya miaka 55 mnamo 2013, ilionekana kwamba misimu mingi ya mvua haikuongeza kitu cha maana chini. Maji yalishuka mwaka hadi mwaka, kisha yakapanda kwa kishindo katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida. Kishindo kikubwa kuliko vyote kilifuata mvua za Elnino za 1997/98. Makutapora ni itale iliyooza, kama sehemu kubwa ya huku kwetu, ingawa penye mbuga udongo mweusi ukishashiba hujifunga na maji hukimbilia mtoni.

Elnino naikumbuka. Ukuta wa jiko letu ulilala chini, barabara zilikatika, reli ilisombwa. Mwaka ule kanisani hatukuomba mvua, tuliomba ikome. Na ndiyo iliyojaza visima.

Najua wahubiri watakavyosema: mnaona, ilikuwa baraka, Mungu alijua. Sentensi hiyo inanikera. Aliyepoteza nyumba hakuwa yule aliyechota maji miaka kumi baadaye, na faida ya mmoja haifuti hasara ya mwingine ati kwa sababu daftari ni la Mungu. Wanaosema mvua ni mvua tu, haina maana, nao siwakubali. Isaka alipofika kwenye visima alivyochimba Ibrahimu baba yake, alivikuta vimefukiwa na Wafilisti. Akavichimbua upya, akanywa. Alikuta kitu ambacho hakukiomba wala hakukistahili, lakini kilikuwa kimekusudiwa na mtu. Kwangu hiyo ni maana ya kutosha. Na inakata kotekote: zebaki inayomwagwa kwenye mialo ya dhahabu kule Geita inasafiri na maji pia, na wapo watakaokuja kuikuta.

Kwa hiyo nilimwambia katekista aache maneno “ya kiasi”. Tuombe mvua, basi, hata ile itakayotuumiza, kwa ajili ya watakaochota baadaye. Mama mmoja, jirani yangu, alikuwa karibu, akasikia. “Baba, hao wa miaka thelathini ijayo wataomba wenyewe. Mimi nina majaruba mawili yanasubiri Desemba.”

Nilikosa la kumjibu, maana ana haki. Mpunga wake haunywi maji ya 1998, na mtu mwenye njaa haombi kwa niaba ya kisima. Nimerudi kwa katekista: “ya kiasi” ibaki, kwa ajili ya majaruba ya mama huyu, ila mwishoni tuwaombee pia wasiokuwepo. Ameuliza nina maana ya nani, marehemu au wasiozaliwa. Nimesema wote. Akasema hilo ni la kumpelekea paroko.