Minazi Isiyo na Vidato: Mchoraji wa Mandhari na Wajibu wa Ushahidi

Je, mchoraji anayeonyesha uzuri wa shamba na kuyaacha machungu ya wanaolilima anasema uongo? Swali hili ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifani, na sisi wahakiki wa fasihi hatuna haki ya kuwaachia wenzetu wa sanaa za uchoraji peke yao. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi wetu kwamba mandhari ni mahali na wakati wa matukio, kana kwamba ni jamvi lililotandikwa ili wahusika wapate pa kukaa. Makala haya yanadai kwamba mandhari ni kauli, na kwamba kila kauli ina msemaji anayewajibika kwayo.

Tuanze nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na mjomba wangu, mgema wa siku nyingi kutoka Kaloleni, hadi hoteli moja mjini Malindi. Ukutani palitundikwa picha kubwa ya ufuo mweupe, bahari ya samawati na minazi iliyoinamishwa na upepo. Mimi niliisifu. Mjomba aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, minazi hii haina vidato. Nani anaipanda?" Aliona ambacho macho yangu ya shule hayakukiona. Mnazi anaoujua yeye umechanjwa shinani pa kuwekea miguu. Usiochanjwa hauna mgema, na pengine hauna mwenyewe.

Katika pwani hii kauli ya namna hiyo si jambo dogo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliruhusu milki za watu binafsi ziandikishwe katika ukanda wa pwani, na Wamijikenda wengi wakajikuta maskwota katika mashamba waliyoyalima wenyewe. Mwaka 1914 Wagiriama waliamriwa kuihama ardhi ya kaskazini mwa Mto Sabaki, na upinzani ambao Mekatilili wa Menza aliuchochea tangu 1913 ukageuka vita. Kuichora ardhi kama hii bila watu ni kurudia kwa brashi hoja ya aliyedai kwamba haina wenyewe.

Wala kosa hili si la pwani yetu pekee. Mwingereza Thomas Gainsborough alichora, yapata mwaka 1750, picha ya Bwana na Bibi Andrews wakiwa mbele ya shamba lao. Miganda ya nafaka imefungwa na kupangwa vizuri, lakini waliovuna na kufunga hawaonekani. John Berger alikumbusha mwaka 1972 kwamba furaha ya wawili hao katika picha haitengani na furaha ya kumiliki. Hapo uzuri wa mandhari ni hati ya kumiliki ardhi.

Sasa tumtazame mchoraji wa Afrika ya Mashariki aliyeshika njia nyingine. Sam Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, akaendelea katika chuo cha Slade mjini London, na baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 akawa balozi wa nchi yake huko huko London. Alifariki mwaka 1993. Pamoja na safari zote hizo, brashi yake haikuihama Machame. Aghalabu alichora kwa kumbukumbu: migomba, vilima, nyumba, na watu wengi wadogo wanaofanya kazi pamoja. Picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku imo katika hazina ya Museum of Modern Art, New York. Humo nchi haitenganiki na shughuli ya watu wanaopita ndani yake, na mtazamaji hawezi kuuliza ni nani anayeishi hapo.

Hata hivyo, mhakiki mkali atapinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema kwamba Ntiro aliwaonyesha watu, lakini akaificha gharama. Ushahidi wa pingamizi hilo tunao Kilifi. David Parkin, katika utafiti wake juu ya Wagiriama wa Kaloleni uliochapishwa mwaka 1972, alieleza jinsi mahari na matanga vilivyowalazimisha baadhi ya watu kuuza au kuweka rehani minazi na mashamba yao, na jinsi wengine wachache walivyojilimbikizia mali hiyo. Kadzama, yaani tembo linalotolewa kimila, huonekana vizuri sana likipita njiani limebebwa. Lakini pengine mtungi huo ni minazi mitatu ya kaka aliyebaki nyumbani. Tena jina la picha ya Ntiro linamtaja bibi arusi kama mwisho wa safari tu. Walio safarini ni wanaume, na hatuambiwi yeye asemaje.

Nakubali uzito wa pingamizi hili, lakini sikubali hukumu yake. Parkin anatuonyesha pia kwamba katika mashauri ya minazi na ardhi, yote yalitegemea mashahidi: wazee waliokuwapo, waliokunywa tembo la makubaliano, waliokumbuka nani alimpa nani. Shahidi wa namna hiyo hakutakiwa kueleza historia yote ya ukoo. Alitakiwa kutomwondoa mtu yeyote mahali alipokuwapo. Kwa kipimo hiki, Ntiro anafaulu pale ambapo Gainsborough na picha ya hoteli vinashindwa. Aliwaacha wabebaji na mizigo yao mbele ya macho yetu; anayetaka kuuliza nani alilipa anaye wa kumwuliza. Kunyamazia maumivu ni upungufu unaoweza kujazwa na msomaji mwingine, hata na huyo bibi arusi siku atakapoishika brashi. Kumfuta mtu ni kuifuta kesi yenyewe.

Lakini tusimtukuze shahidi kupita kiasi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Picha hizi zilinunuliwa zaidi na wageni, ambao yamkini walipenda kijiji kisicho na deni wala ugomvi. Na shahidi anayenyweshwa na upande mmoja hana budi kuchunguzwa. Sina hakika kwamba utulivu wa Machame ya Ntiro ni wa kumbukumbu yake tu, usiotiwa maji na sifa hizo. Nadhani hakuna mchoraji, wala mwandishi, aliyeepukana kabisa na shaka hiyo.

Kwa hiyo napendekeza kwamba tunaposomesha mandhari, katika riwaya au katika picha, tusiishie kuuliza ni wapi na lini. Tuulize pia swali la mgema. Mjomba wangu hakuwahi kuingia darasa la fasihi, na siku ile hakuikataa picha kwa kuwa nzuri. Alikuwa akitafuta pa kuweka mguu.