Kiasi

Maneno makubwa hayamtishi sana mfasiri, kwa kuwa yana kamusi. Neno lililonishinda mimi ni dogo, nalo hutamkwa jikoni kila siku: kiasi. "Tia chumvi kiasi." "Maji kiasi." "Pilipili kiasi chake." Anayeambiwa akiuliza ni kiasi gani hicho, hujibiwa kwa neno lile lile, "kiasi tu," na maelezo huishia hapo.

Nilikutana na neno hili uso kwa uso mbele ya jiko la makaa. Mwenzangu, ambaye chakula chake nimekila kwa karibu miaka thelathini, aligunduliwa kuwa na presha, akaamriwa apumzike na apunguze chumvi. Daktari alitupa hesabu: mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na ndani ya hizo imo chumvi ya mkate, ya samaki mkavu na ya kila kitu. Hesabu hiyo ndiyo ya Shirika la Afya Duniani, nami sina ugomvi nayo. Nikarudi nyumbani kama mwanafunzi aliyehifadhi jibu, nikanunua kuku wa kienyeji, nikaingia jikoni.

Nilimchemsha kwa maji na chumvi niliyoipima kwa kijiko, nikapakua. Mwenzangu alikula matonge mawili, akasema "Alhamdulillahi," akaisogeza sahani. Siku ya pili yakawa yale yale. Siku ya tatu nikaona pembe ya khanga yake imefungwa fundo, na ndani ya fundo mna chumvi, naye huitia kwa siri nikigeuka. Nilighadhibika, nikasema maneno ambayo leo nayaonea haya. Aliningoja nimalize, kisha akasema kwa upole: "Chumvi umeipima, bwana. Na mimi je?"

Sikuwa na jibu. Nia yangu ilikuwa njema na hesabu yangu ilikuwa sahihi. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa ni mgonjwa mwenye njaa, anayejificha na kula chumvi nyingi kuliko ile niliyomnyima. Basi ni wapi nilipokosea?

Usiku ule nilikitoa kitabu ambacho nimekuwa nikikisoma na kukiacha tangu ujana, kitabu cha maadili cha Aristotle, katika tafsiri ya Kiingereza iliyopoteza jalada. Mimi sikusoma skuli kubwa. Vitabu nilivisoma kadiri vilivyonijia. Mwanafalsafa huyu wa Kiyunani, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Masihi, alishikilia ya kuwa wema hukaa baina ya kuzidi na kupungua. Wengi hukomea hapo, wakadhani amesema tukate katikati. Lakini yeye mwenyewe anaonya, tena kwa mfano wa chakula. Ikiwa ratili 10 ni nyingi mno kwa mtu na 2 ni chache mno, mwalimu wa michezo hatawaamuru watu wote wale 6; kwa Milo, bingwa wa mieleka, hizo zitakuwa chache, na kwa anayeanza mazoezi zitakuwa nyingi. Mbele zaidi katika kitabu hicho anasema ya kuwa mtu anayejua kwamba nyama nyepesi huleta afya, lakini hajui nyama ipi ni nyepesi, hatamfaa mgonjwa. Atakayemfaa ni yule anayejua kwamba nyama ya ndege ni nzuri. Wako wafasiri walioandika hapo "kuku" moja kwa moja. Nilicheka peke yangu gizani. Kuku nilikuwa naye, kipimo nilikuwa nacho. Nisichokuwa nacho ni kumjua niliyempikia.

Asubuhi nilimwomba radhi, nikamwekea kiti karibu na jiko, nikamwambia, "Nifundishe." Hakunipa kipimo hata kimoja. Alinionyesha. Kuku akakatwa vipande, akaoshwa kwa ndimu. Thomu na tangawizi vikapondwa kinuni, vikatiwa sufuriani pamoja na kitunguu, pilipili manga, na mchaichai uliofungwa fundo. Moto ukawa mdogo, kwa kuwa kuku wa kienyeji hataki haraka. Vijiti vya kotmiri vikaingia mapema. Majani yake, pamoja na nanaa, yakangoja mpaka sufuria ilipokaribia kuepuliwa, maana majani mabichi yakichemka sana harufu yake huenda na mvuke. Ndimu ilikamuliwa mwisho, sufuria ikiwa chini. Chumvi ilikuwa nusu ya kijiko cha chai kwa sufuria nzima ya watu wanne. Na katika kila hatua neno lake lilikuwa moja: "Onja."

Kuonja ndiko nilikokukosa. Hata katika mwezi wa Ramadhani, wanazuoni wengi wamemruhusu mpishi aonje kwa ncha ya ulimi bila ya kumeza. Ruhusa hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba kuna jambo ambalo jicho na kijiko haviwezi kulijua. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Waliosoma fikihi watakumbuka kwamba kiasi na kiyasi ni neno moja la Kiarabu lililotufikia kwa njia mbili. Kiyasi cha wanazuoni ni kuichukua hukumu ya jambo linalojulikana na kuipeleka kwa jambo jipya, kwa kuwa sababu yao ni moja. Mpishi naye hufanya hivyo: humchukua kuku wa jana akampeleka kwa kuku wa leo, akiangalia kinachofanana na kilichobadilika. Kwa hiyo si kweli kwamba mama zetu hupika kwa kubahatisha. Wao huhukumu, na hukumu yao ina dalili zake.

Atakuja mtu aseme: huu ni mlango wa kila mmoja kujifanyia apendavyo, maana mlafi naye husema amekula kwa kiasi. Hoja hii ni nzito, na mimi siwezi kuitupa hesabu ya daktari. Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili vizuri. Mshororo wa shairi letu lililozoeleka una mizani 16, nane kwa nane, na anayezikosa huambiwa ameharibu. Lakini ni mashairi mangapi tumeyasoma yenye mizani kamili, nayo hayana ladha? Mizani ni ukuta wa nyumba. Kiasi ni namna ya kuishi na watu waliomo ndani yake. Mlafi hujipimia kwa matamanio yake tu, wala hasikilizi mwengine. Mimi nami nilisikiliza kijiko tu. Makosa yetu ni mawili, ila chanzo chake ni kimoja: hakuna kati yetu aliyemtazama mtu.

Lipo deni jengine ambalo sina budi kulikiri. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikikaa kwenye mkeka na kutoa hukumu: leo chumvi imezidi, leo imepungua. Nilidhani hiyo ni haki ya mlaji. Sikupata kujiuliza ni mara ngapi mkono ule ulikuwa umepatia, nami nikala kimya, nikanawa, nikaondoka. Anayetaja kiasi siku kinapokosekana tu, hajakitendea haki.

Siku ile mwenzangu alikula sahani nzima, akaomba mchuzi kidogo wa kumalizia. Fundo la khanga sijaliona tena, na presha tunaipima kila inapobidi. Neno lenyewe bado sijalipatia tafsiri. Juzi kijana mmoja aliniuliza, katika kazi anayoifasiri, aliandikeje. Nilitaka kumpa jibu la kamusi, nikajikuta namuuliza aliyemo katika hadithi yake anampikia nani.